Tauni na Mtoki: Jina la Ugonjwa na Alama Yake

Yapo majina ya maradhi ambayo mtu huyajua miaka mingi kabla ya kuyaona maradhi yenyewe, na wengi wetu hufa bila ya kuyaona. Tauni ni mojawapo. Mtoto hulisikia neno hilo msikitini katika visa vya masahaba walioifia nchi ya Sham, au kanisani katika habari za Misri na za mfalme Daudi. Tangu hapo, kila likitajwa, humjia picha ya mji mzima uliofyekwa na makaburi yasiyo na wa kuyachimba. Kwa tabibu wa zahanati ya Lushoto, hata hivyo, tauni si mji. Ni mtu mmoja aliyeketi mbele yake kwenye benchi, ana homa kali iliyoanza juzi, anatembea akichechemea kwa sababu ya uvimbe wa kinenani, na anaweza kupona akipewa dawa leo.

Umbali uliopo kati ya picha hizo mbili ndio uliotufanya tuliandike neno hili katika jarida la tiba. Katika umbali huo mgonjwa huchelewa, na ugonjwa huu hauwapi wagonjwa muda wa kuchelewa.

Asili ya neno haina utata mkubwa. Limetoka katika Kiarabu, ta‘un, kutokana na kitenzi ta‘ana, yaani kuchoma kwa mkuki au kudunga. Lilipovuka bahari lilipitia njia ile ile iliyopitiwa na mamia ya maneno mengine. Kiarabu kina t nzito, nacho Kiswahili kina t moja tu kwa maneno ya namna hii, basi uzito ukaachwa. Kina pia ile sauti ya kooni iitwayo ayn, ambayo Waswahili waliiangusha lakini wakaiachia nafasi yake: ndiyo sababu irabu mbili hukutana katika maana, laana na saa, na ndiyo sababu tunatamka ta-u-ni kwa silabi tatu, mkazo ukiwa juu ya u. Mwishoni, kwa kuwa neno la Kiswahili halipendi kufungwa na konsonanti, ikaongezwa i, kama ilivyoongezwa katika kanuni, sabuni na zeituni.

Jambo la kuuliza ni kwa nini ugonjwa uitwe kwa kitendo cha mkuki. Waarabu wa kale walikuwa na masimulizi ya viumbe wasioonekana wanaowadunga wanadamu, na aliyepatwa na tauni alihesabiwa kuwa amechomwa. Hawakuwa peke yao katika fikra hiyo. Katika utenzi wa Kigiriki wa Iliad, maradhi yanayoliangamiza jeshi hutoka katika mishale ya Apollo. Neno la Kilatini plaga, ambalo ndilo lililozaa jina la Kiingereza la ugonjwa huu, maana yake ni pigo. Nasi pia, katika Biblia ya Kiswahili, maafa kumi yaliyowapata Wamisri huitwa mapigo. Mtu alikuwa mzima asubuhi, na jioni ameanguka kama aliyepigwa na mkono asiouona. Aliyeliona hilo mara moja hakuhitaji kuazima taswira kwa jirani.

Lakini mkuki wa neno hili haukubaki katika masimulizi. Matabibu waliuchukua wakaupa mahali pake mwilini. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake Kanuni ya Tiba aliieleza tauni kuwa ni uvimbe utokeao mahali penye tezi: kinenani, makwapani na nyuma ya masikio. Yeyote aliyewahi kumpima mgonjwa wa tauni ya tezi atakubali kwamba hapo ndipo hasa mkono wa tabibu unapopaswa kwenda kwanza. Kwa hiyo, tangu zamani hizo, wataalamu wa Kiarabu walikuwa na maneno mawili wala hawakuyachanganya. Waba lilikuwa jina la ugonjwa wowote unaowaenea watu wengi kwa wakati mmoja. Tauni ilikuwa jina la ugonjwa mmoja maalumu wenye dalili zake. Kila tauni ni waba, walisema, lakini si kila waba ni tauni. Mwanachuoni Ibn Hajar al-Asqalani wa Misri, aliyefariki mwaka 1449, ambaye mabinti zake waliuawa na ugonjwa huo, aliandika kitabu kizima juu yake na akalitilia mkazo jambo hili la kutenganisha majina. Mzazi aliyezika watoto huwa na sababu ya kutaka kujua ni nini hasa kilichowaua.

Katika mapokeo hayo hayo limo agizo ambalo wasomaji wengi wa Kiislamu wanalifahamu: usiingie katika nchi uliyosikia kwamba ina tauni, wala usiikimbie nchi yako ikikufikia humo. Husimuliwa kwamba Khalifa Umar aligeuza msafara wake njiani kuelekea Sham, wakati wa tauni ya Amwas iliyomuua Abu Ubayda, yapata mwaka 639. Ulaya ilifika kwenye fikra inayofanana na hiyo kwa njia ya bandari: mji wa Dubrovnik ulianza mwaka 1377 kuwazuia wageni kwa siku 30, na baadaye siku hizo zikafanywa 40, hesabu ambayo kwa Kiitaliano ndiyo iliyotupatia neno karantini.

Sasa turudi pwani yetu, kwa maana huku ndiko neno lilikopoteza makali. Katika karne ya 19 muuaji mkuu wa miji ya Waswahili hakuwa tauni ya tezi. Alikuwa kipindupindu. James Christie, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Unguja na kuchapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya kipindupindu katika Afrika Mashariki, alifuatilia nyayo za mawimbi manne: la mwaka 1821, la 1836 hadi 1837, la 1858 hadi 1859, na lile la 1869 hadi 1870 alilolishuhudia mwenyewe. (Christie huyu aliandika pia juu ya homa ambayo watu wa Unguja waliiita dinga, na kwa sababu yake wapo wanaoamini kwamba jina la kimataifa la homa ya kidingapopo lilitoka midomoni mwa Waswahili. Hiyo ni habari ya siku nyingine.) Watu waliokuwa wakifa kwa kuhara na kukaukiwa na maji mwilini walihitaji jina la kile kilichowaua, na yale majina mawili ya Kiarabu yalikuwa tayari mkononi. Katika kamusi za zamani za Kiswahili waba limefasiriwa kuwa kipindupindu, na tauni limepewa maana pana ya maradhi yauayo watu kwa wingi, kipindupindu kikiwamo. Tofauti iliyolindwa na akina Ibn Hajar ikawa imefutika.

Jambo la kufurahisha ni kwamba lugha yenyewe ilijisahihisha, ijapokuwa kwa upande mmoja tu. Kipindupindu, neno lililojengwa nyumbani kwa kitenzi pinda na pindua na kurudufiwa, lilimwonyesha msikiaji mgonjwa jinsi alivyo, anavyopindwa na misuli na kupinduliwa na tumbo. Neno la namna hiyo halihitaji mkalimani. Basi lilishinda, na waba leo ni neno la wazee na la vitabu. Tauni haikupata mshindani kama huyo, ikabaki gunia kubwa ambamo huingia kila balaa. Watafsiri wa Biblia waliliona gunia hilo wakalitumia, na hawakukosea, kwa kuwa neno la Kiebrania walilokuwa wakilitafsiri nalo lilikuwa pana. Lakini matokeo yake ni kwamba tauni iliingia katika mioyo ya Waswahili, Wakristo na Waislamu, ikiwa na maana ya adhabu inayoshuka juu ya umma. Haikuwa na maana ya uvimbe tena.

Ndipo ugonjwa wenyewe ukaja kulidai jina lake.

Mwaka 1894, katika mji wa Hong Kong, Alexandre Yersin alikiona kijidudu cha tauni ndani ya majimaji ya tezi zilizovimba. Leo kinaitwa Yersinia pestis kwa heshima yake. Miaka miwili baadaye tauni ilikuwa Bombay, mji ambao majahazi na meli zake ziliifahamu Mombasa na Unguja kama mtu anavyofahamu ua wa jirani. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akifanya kazi Karachi, alionyesha kwamba kiroboto wa panya ndiye anayeupeleka ugonjwa kutoka kwa panya hadi kwa mtu. Wengi hawakumwamini kwa miaka kadhaa. Mwaka 1902 tauni ilikuwa Nairobi, mji uliokuwa na umri wa miaka mitatu tu, na serikali ya kikoloni ikaamuru soko la Kihindi lichomwe moto. Nyumba ziliungua, panya, kwa kadiri walivyoweza, walikimbia na viroboto wao. Tukio hilo linastahili kukumbukwa na kila anayepanga kampeni za afya, kwa sababu linaonyesha jinsi neno la kuogofya linavyoweza kuwafanya watawala nao watende kabla ya kufikiri. Sayansi ya Simond ilikuwa imekwisha kuchapishwa.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba Afrika Mashariki yote iliifahamu tauni kwa njia ya meli. Upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, huko Kiziba katika nchi ya Wahaya, na katika Buganda, ugonjwa huu ulikuwapo kabla, na Robert Koch aliuthibitisha mwaka 1898. Waganda walikuwa na jina lake maalumu, kawumpuli, ambalo pia lilikuwa jina la mzimu uliotengewa hekalu lake. Na kama ilivyokuwa katika Yunnan ya China na katika vijiji vya milima ya Himalaya, watu wa Kiziba walijua jambo ambalo madaktari wa Ulaya walikuwa bado wakibishania: panya hutangulia kufa.

Nchini Tanzania, jina la wilaya moja limeambatana na tauni kuliko jingine lolote. Ugonjwa uliibuka katika milima ya Lushoto mwaka 1980 na ukawa unarudi karibu kila msimu kwa zaidi ya miongo miwili. Kati ya mwaka huo na mwaka 2011 waliorodheshwa wagonjwa zaidi ya 8,000, na waliokufa ni zaidi ya 600. Wanawake na watoto waliugua zaidi, jambo ambalo watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wamelihusisha na mahali pa kulala na mahali pa kuweka mavuno: anayelala sakafuni karibu na mahindi yaliyohifadhiwa ndani hulala karibu na panya, na karibu na panya ndiko karibu na viroboto. Ugonjwa umeonekana pia katika nyanda za Mbulu na Karatu.

Sasa hebu tujiulize: mkulima wa Lushoto anapougua, huanza kulitafuta jina gani? Si tauni. Tauni, kwa jinsi alivyofundishwa na mimbari, ni jambo la umma mzima, naye yuko peke yake kitandani. Anachokijua ni kwamba ametokwa na mtoki.

Mtoki ni neno zuri, na ni la haki kabisa kwa shughuli hii. Ni jina la Kiswahili la tezi iliyovimba, hasa ya kinenani, lenye usahihi ule ule alioutaka Ibn Sina. Tatizo lake ni la upande wa pili: limezoeleka mno. Kila mtu aliyekulia shamba amewahi kupata mtoki baada ya kujikata mguu kwa jembe au kuchomwa na mwiba uliotunga usaha. Mama humpaka mafuta ya moto, humkanda, na baada ya siku chache umekwisha. Aidha, kwa watu wazima, uvimbe wa mahali pale hunong'onezwa kuwa ni alama ya ugonjwa wa zinaa, basi kijana huuficha hata mkewe asiuone. Kwa hiyo tunayo maneno mawili, na kila moja humchelewesha mgonjwa kwa njia yake. Tauni humchelewesha kwa kuwa ni kubwa mno, haiwezi kuwa yake. Mtoki humchelewesha kwa kuwa ni mdogo mno, au kwa kuwa ni wa aibu.

Kwa maoni yangu, tiba ya lugha hapa ni kuyaunganisha maneno hayo mawili na kuyatumia pamoja kila mara: tauni ya mtoki. Wapo wataalamu wapendao kusema tauni ya tezi, na katika vitabu vya mafunzo hakuna ubaya, lakini bango la kijijini lisiandikwe kwa ajili ya mtahini. Vivyo hivyo sioni faida kubwa ya kuliita kila tukio la tauni mlipuko, kama ilivyo desturi ya taarifa za siku hizi. Kitu kinacholipuka hutangaza kuwapo kwake. Tauni hufuka kimyakimya miongoni mwa panya wa porini na viroboto wao kwa miaka, na siku inapomfikia mtu wa kwanza hakuna mshindo wowote unaosikika. Kuna mtu mmoja mwenye homa.

Mtu huyo atautofautishaje mtoki wake na ule wa jeraha? Mtoki wa kawaida hufuata kidonda kinachoonekana, na mwenyewe huendelea na shughuli zake huku akilalamika. Mtoki wa tauni huja pamoja na homa ya ghafla, baridi inayotetemesha, kichwa kuuma na unyonge wa kumlaza mtu, kwa kawaida kati ya siku 1 na 7 baada ya kuumwa na kiroboto. Uvimbe huuma kupita kiasi, hata mgonjwa hukunja mguu ili usiguswe. Mara nyingi hakuna kidonda, kwa sababu mahali kiroboto alipouma hapaonekani. Huwa kinenani kwa wingi kwa sababu viroboto huuma miguu, na tezi za kinena ndizo zinazoilinda miguu. Mtoto aliyelala sakafuni aweza kuupata kwapani au shingoni. Na ikiwa siku hizo panya wameonekana wakifa ovyo ndani ya nyumba au shambani bila ya kutegeshewa sumu, hakuna haja ya kungoja alama nyingine.

Tauni ya mtoki isipotibiwa huua kati ya wagonjwa 30 na 60 katika kila 100. Ikitibiwa mapema, walio wengi hupona, na dawa zake si ngeni: streptomaisini, jentamaisini, doksisaiklini na siprofloksasini. Inafaa kusisitiza kwamba penisilini, ambayo ndiyo wengi hukimbilia kuinunua dukani waonapo uvimbe, haitibu tauni. Anayeinunua hujiona ametibiwa, na siku mbili anazozipoteza ndizo alizozihitaji. Tabibu mwenye shaka huanza dawa mara moja, huku sampuli ya majimaji ya mtoki ikipelekwa maabara, hangoji majibu.

Uharaka huu una sababu. Vijidudu vikivuka tezi na kuingia katika damu huweza kufika mapafuni, na hapo kiroboto hahitajiki tena: mgonjwa huwaambukiza wengine kwa kukohoa. Tauni ya mapafu isipotibiwa huua karibu kila mgonjwa, na tiba yake inapaswa kuanza ndani ya saa 24 tangu dalili zionekane. Jirani zetu wa Madagaska, ambao huiita pesta kwa kuazima Kifaransa, waliyaona hayo mwaka 2017, ugonjwa ulipoingia katika miji ya Antananarivo na Toamasina. Wagonjwa waliohesabiwa walizidi 2,400, wengi wao wakiwa wa mapafu, na zaidi ya 200 walikufa. Huko Ituri, mashariki ya Kongo, ambako watu huzungumza Kiswahili na wauguzi waliosomea Kifaransa huandika peste katika daftari zao, ugonjwa haujawahi kuondoka.

Linabaki neno moja kwa wenye nyumba na kwa mabalozi wa mitaa, kwa kuwa kosa la Nairobi ya mwaka 1902 bado hufanywa kwa kiwango kidogo. Panya wakianza kufa kijijini, hamu ya kwanza ni kuwaua waliobaki. Kiroboto huukimbia mwili wa panya mara unapopoa, akatafuta damu yenye joto, na iliyo karibu zaidi ni ya mwanadamu aliyelala. Kwa hiyo dawa ya viroboto hunyunyizwa kwanza, katika mashimo ya panya, sakafuni na matandikoni, ndipo panya wategwe. Mzoga usishikwe kwa mkono mtupu, wala watoto wasiachwe kuuchezea. Uguswe kwa koleo au kwa mkono uliovikwa mfuko wa plastiki, na afisa afya wa kata apewe habari siku ile ile, kabla haujafukiwa.